Jogoo wa Nyamugo

Saa tisa kasoro robo usiku, simu ya kituo ikabipu.
Mara moja, ikanyamaza.

Mwenzangu akasema ni walevi wa Jumamosi.
Lakini mimi, kabla ya kiti hiki,
niliuza unite miaka sita chini ya mwavuli pale Nguba,
naijua sarufi ya wasio na salio:
bipu moja, nipigie;
mbili, nimefika;
tatu, usinisumbue, mume wangu yupo.
Hii ilikuwa moja, fupi,
kama mtu anayegonga mlango akiogopa kuamsha nyumba.

Nikapiga.
"Mama, giza limeniingia mdomoni."
Mtoto.
"Jina lako?"
"Nsimire."
"Uko wapi, Nsimire?"
"Nyumbani."

Nyumbani!
Nyamugo milango haina namba.
Kuna ngazi, kuna mfereji, kuna fundi cherehani,
kuna ukuta wa mbao ulioegemea ukuta wa mbao,
na usiku ule, mvua ikiwa imelalia mlima siku mbili,
hata fundi cherehani hakuwa tena mahali pake.

"Simu ni ya nani?"
"Ya mama. Hajibu."
"Chaji?"
"Kijiti kimoja, chekundu."
"Basi usiongee. Usiwashe tochi.
Ikiita, iache iite."
Na nikamkatia.
Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko lile,
kubonyeza kitufe kile.

Ajida Zihindula alifika wa kwanza, kwa miguu,
gari limekwama matopeni kule Kadutu.
Akanitumia picha: tope, mabati, tope, godoro.
Ramani ya simu yake ikaweka nukta ya buluu
ikamwambia, umefika.
Ramani inaijua Bukavu kama karatasi iliyonyooshwa;
haijui kupanda,
haijui kwamba mtaa waweza kuteremka
ukaketi juu ya mtaa mwingine.
Nukta ile ilikuwa pana kama nyumba kumi na tano.

Ndipo nikamsikia Cirhuza wa zimamoto, kupitia simu ya ajida:
"Nyamazeni wote! Hata mnaolia."

Wakanyamaza. Sijui waliwezaje.

Nikapiga.
Sikio la kulia, ikaita.
Ikaita.
Na katika sikio la kushoto, mbali,
jogoo akawika.

Jogoo wa shamba hawiki mjini, husema watu.
Huyu aliwika chini ya mji.
Mama yake Nsimire alimtia kwenye simu
ili amwamshe mapema, awahi sambaza ufukweni
kabla wanunuzi wa Kadutu hawajazimaliza.

"Kushoto! Hapana, chini ya bati!"
Jogoo akakatika. Nikapiga tena.
"Hapa! Piga, dada, piga!"
Mara ya nne akapokea yule mwanamke wa kampuni,
mwenye sauti ya sukari:
mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.
Sijamchukia mtu nisiyemjua kiasi kile.
Lakini majembe yalikuwa yameshajua.

Saa kumi na moja alfajiri wakamtoa Nsimire,
vidole vimekakamaa juu ya simu iliyozima.
Mama yake walimtoa mchana.
Hapo naachia.

Wakaja wakubwa na hotuba juu ya teknolojia.
Wakanipiga picha nimeinamia kompyuta
ambayo usiku ule haikuwa na umeme.
Nikaomba mnara mmoja upande wa bondeni
na chaja za kutosha. Wakaandika.
Mwezi uliofuata namba nyingine ilibipu, kutoka Panzi.
Nilipiga mpaka kukapambazuka.
Hakuna kilichowika.

Laini ya mama sasa anayo Nsimire, kwa shangazi yake Bagira.
Kwenye simu yangu nimeiandika Jogoo.
Kuna asubuhi hubipu mara moja
nikiwa nakoroga uji.
Zamani ningesema: nipigie.
Siku hizi naacha mwiko, naitazama tu
mpaka taa yake izime yenyewe.
Nami nabipu. Mara moja.